Picha ya kipanga haihitaji kifaranga wa kufungwa kamba

NDUGU Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu picha za ndege wawindaji zinazopigwa kwenye nyua za nyumba zetu hapa Dar es Salaam. Ukitundika kibao cha kulishia ndege, iwe Mbezi Beach, Goba au Kigamboni, na ukamwaga ulezi, chiriku na tetere watakuja. Tetere wakishazoea, kipanga naye atakuja, maana kwake kibao kile ni bucha inayofunguliwa kila asubuhi. Mwenye nyumba anakimbilia kamera, ndege anaondoka, na hapo ndipo ushauri wa vijiweni unapoingia: funga kifaranga kamba, kaa pembeni, atarudi tu.

Atarudi kweli, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Kipanga anayenyakua kitu kilichofungwa huvutwa na kamba, huanguka ubavu, na anaweza kuumia mguu. Picha inayopatikana hapo ni ya ndege aliyechanganyikiwa, mbawa ovyo, mkia umekunjwa chini yake. Akifanikiwa kumng'oa kifaranga, atakuwa amejifunza kwamba vifaranga wa mtaa ule hawana mbio, na jirani mwenye kuku wa kienyeji ndiye atakayelipia picha yako. Jirani huyo ana watoto, na watoto wana manati.

Picha nzuri ya kipanga hutokana na mpangilio wa ua: jua liko wapi, upepo unatoka wapi, tawi liko umbali gani. Hayo hayana gharama, ila yanataka kupimwa kwa futi kamba, si kwa macho.

Kwanza tumjue mgeni. Mjini kila ndege mwenye kucha tunamwita mwewe. Mwewe halisi ni yule mkubwa wa kahawia, mkia wenye panda na mdomo wa njano, anayezunguka juu ya madampo na penye mabaki ya samaki. Huyo hana shughuli kubwa na kibao chako cha ulezi. Anayekuja kwenye kibao ni kipanga, na mara nyingi ni shikra: urefu wake hauzidi sana sentimita 30, mgongo wa kijivu, kifua chenye mistari myembamba ya rangi ya kutu, na dume mzima ana jicho jekundu. Kinda wake ni wa kahawia, kifua kina madoa mazito, jicho la njano. Wengi humdhania aina nyingine kabisa. Yuko pia kipanga mwingine, mdogo zaidi, mwenye jicho la njano, weupe kiunoni na madoa mawili meupe juu ya mkia. Ukiona ndege mnene kidogo ametulia juu ya nguzo ya umeme, koo jeupe lenye mstari mmoja mweusi wima katikati, miguu myekundu, huyo kwa jina la kisayansi ni Kaupifalco monogrammicus, mwinda mijusi. Na yule mkubwa wa kijivu anayening'inia kwenye minazi akitia mguu ndani ya viota vya minana ni Polyboroides typus. Mguu wake hukunjika mbele na nyuma, na ngozi ya uso hubadilika kutoka njano kuwa nyekundu akihamaki. Kwa sababu hizo, usipige uso tu. Piga pia mgongo, mkia juu na chini, koo na miguu. Picha mbaya ya mkia husaidia kumtambua ndege kuliko picha nzuri ya macho.

Sasa jua. Watu huchagua dirisha la mashariki kwa kuwa ndiko jua linakochomoza, na wanashangaa kipanga anatoka kama kipande cha mkaa. Dirisha la asubuhi ni linalotazama magharibi: jua liko nyuma ya nyumba, linampiga ndege kifuani. La jioni ni linalotazama mashariki. Kikwazo cha mpango huu ni kivuli cha nyumba yenyewe. Nyumba yenye kimo cha mita 3.5 hutupa kivuli cha mita 7 na nusu jua likiwa nyuzi 25 juu ya upeo wa macho, yaani karibu saa 2 asubuhi. Lakini tawi lililoinuliwa mita 1.8 kutoka ardhini hutoka kivulini mapema zaidi, kwa sababu kinachoendelea kulizuia ni ile mita 1.7 ya juu ya nyumba tu. Jua likifika nyuzi 15, saa moja na ushee baada ya kuchomoza, kivuli katika kimo hicho huishia mita 6.3. Weka tawi mita 8 kutoka dirishani na utakuwa na mwanga tangu saa 1 na nusu. Paa lenye mgongo mrefu litakuchelewesha kidogo. Mwenye ghorofa apande juu, apigie kwenye roshani.

Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri funga kamera. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa. Ndege wawindaji wa jamii hii wana mfupa unaochomoza juu ya jicho kama ukingo wa paa. Jua la juu hulitia jicho kivulini, na kipanga asiye na nuru jichoni anaonekana kama wa kujazwa pamba. Saa hizo pia pevingi na mabati huchemka, hewa hucheza mbele ya lenzi, na picha hutoka kama imepigwa kupitia maji. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Dawa yake ni kusogea karibu au kungoja.

Upepo nao husahauliwa, ilhali mtu wa pwani hapaswi kukumbushwa. Ndege hutua akiukabili upepo, na huruka akiukabili. Wakati wa kusi, kuanzia kama Mei hadi Septemba, wewe unayetazama magharibi utamwona akielekea kushoto. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ataelekea kulia. Acha nafasi upande huo wa fremu, la sivyo utakata ubawa anapoondoka. Asubuhi mapema upepo huwa hafifu, wakati mwingine hutoka bara, kwa hiyo tazama makuti ya mnazi kabla ya kuamini kalenda.

Tawi la kutulia liwe kavu, la mwembe au mwarobaini, unene wa sentimita 3 hadi 4, maana shikra hapendi kukanyaga gogo. Lifunge kwenye nguzo kwa waya, likilala kidogo badala ya kusimama wima. Lielekeze mashariki na magharibi ili ndege, akiukabili upepo, akukalie ubavu, si kisogo. Liwe mita 3 au 4 kutoka kwenye kibao, na nyuma yake pawe na nafasi ya mita 6 au zaidi kabla ya ukuta. Kwenye viwanja vyetu vya mita 20 kwa 20, nyumba ikiwa katikati, nafasi hiyo haipatikani ukipiga moja kwa moja. Piga kimshazari, kutoka dirisha la pembeni kuelekea kona ya mbali ya ua. Ukuta wa saruji ukiwa karibu, michongoma au mlonge mbele yake huuficha.

Kwa nini mita 8? Lenzi ya milimita 300 kwenye kamera ya kihisio kidogo, kile cha milimita 24 kwa 16, humfanya shikra wa sentimita 30 achukue zaidi ya theluthi mbili ya kimo cha picha kwa umbali huo. Kwa mita 20, lenzi ileile inakupa ndege asiyefika theluthi moja, nawe utaishia kukatakata picha. Kwa f/5.6 (hiyo ni namba ya tundu la lenzi; namba ikikua, tundu hupungua) kwenye mita 8, eneo lililo kali ni kama sentimita 16 tu mbele hadi nyuma. Likishika ncha ya ubawa, jicho limekwenda. Ukifunga hadi f/8 unapata karibu sentimita 23, na nuru inapungua nusu.

Ndege aliyetulia anatosheka na kasi ya shata, yaani pazia la kamera, ya 1/500 ya sekunde. Anayeruka anataka 1/2000, na anayejirusha kwenye kibao 1/3200, kwa sababu shikra haji akielea kama mwewe. Hutoka ndani ya majani na kufika kabla hujapepesa. Acha kamera ijichagulie ISO, yaani wepesi wake wa kupokea nuru, ukiiwekea ukomo wa 6400. Kwa 1/2000 na f/5.6, jua la asubuhi litakupa ISO karibu 800, kivuli cha mwembe 3200. Usiogope chembechembe; picha yenye chembe husafishika, iliyotikisika haisafishiki. Mwewe wa kahawia dhidi ya mbingu nyeupe ya Dar anataka uongeze mwanga hatua 1 hadi 1 na nusu (kila hatua ni nuru mara mbili), vinginevyo utapata kivuli. Shikra mzima mwenye kifua cheupe juani anataka upunguze theluthi ya hatua.

Fokasi iwe ya kufuatilia, ile inayoandikwa AF-C kwenye Nikon na Sony, na Servo kwenye Canon, na itumie nukta moja au kundi dogo. Ukiacha nukta zote wazi, kamera itashika jani la mbele au chuma cha dirisha. Iweke tayari kwenye tawi kabla ndege hajaja. Kamera nyingi zinaruhusu kuhamisha kazi ya fokasi kutoka kitufe cha shata kwenda kitufe cha nyuma cha kidole gumba. Fanya hivyo, ili ukiachia kidole fokasi ibaki palepale kwenye tawi. Piga faili ghafi (RAW), na tumia kadi yenye alama ya kasi ya U3 au V30. Kadi ya polepole huifanya kumbukumbu ya muda ya kamera ijae kwa mfululizo mmoja wa picha, nayo hugoma sekunde ileile kipanga anapofungua mbawa.

Dirisha ndipo picha nyingi zinapofia. Wavu wa mbu unaua ukali na rangi hata ukiwa umebandika lenzi juu yake; usijidanganye kwamba hauonekani. Telezesha kioo na wavu vyote viwili, upitishe lenzi kati ya nondo. Kama kioo hakifunguki, kisafishe ndani na nje, simama ukikikabili sawasawa, gusisha mpira wa mdomo wa lenzi kwenye kioo na ufunike pembeni kwa kitambaa cheusi. Kioo cha kijani au cha bluu kitakupa ndege wa kijani au wa bluu. Kiyoyozi kizimwe nusu saa kabla: hewa baridi ikikutana na ya moto dirishani hutengeneza mawimbi yaleyale ya mabati, na lenzi iliyotoka kwenye baridi hushika umande papo hapo. Ukilazimika kutoka nje, ifunge kwenye mfuko wa plastiki dakika 20 hadi 30 ipate joto kwanza. Usiifute umande kwa fulana.

Zima taa ya chumba, tundika shuka zito lenye tundu la lenzi, na chini ulifungie chupa za maji lisipepee. Mtikisiko unamkimbiza kipanga kuliko rangi. Kwa wanaojipaka dawa ya mbu ya DEET: inayeyusha plastiki na mpira wa kamera, kwa hiyo pakaa miguuni na shingoni, osha viganja.

Utajuaje amefika? Kunguru watakwambia. Hawa kunguru wa Kihindi, waliofika Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wametapakaa mjini kote, ni kero kwa kila kitu isipokuwa hiki. Wakikusanyika juu ya mwarobaini wakipiga kelele za kukoroma huku wakichungulia ndani ya majani, kuna mwindaji humo. Dalili nyingine ni kimya cha ghafla, tetere wameganda kama vinyago. Andika kwenye daftari siku, saa, na mti aliotokea. Baada ya wiki mbili utakuwa na ratiba, kwa sababu kipanga ana njia zake na hurudia ileile.

Wakati wenye mavuno zaidi si wa shambulio. Ni baada yake. Akishakamata, hutua chini, hufunika windo kwa mbawa zilizotandazwa na kuanza kunyofoa manyoya, na kazi hiyo humweka hapo dakika kadhaa. Usitoke nje. Shuka chini mpaka lenzi iwe usawa wa jicho lake, hata kama ni kulala sakafuni kwenye mlango wa baraza. Ukipiga kutoka juu utapata mgongo na kichwa kisicho na shingo. Akiwa tawini, mwangalie anapoinama mbele na kunyanyua mkia: mara nyingi hujisaidia kwanza, kisha huruka. Ukiona mnyunyizo mweupe, bonyeza na usiachie.

Mwenye simu asikate tamaa, ila asivute picha kwa vidole kutoka mita 10. Afunge kwanza kopo tupu lenye ukubwa wa simu kwenye stendi mita moja na nusu kutoka kwenye tawi, alifunike kwa majani makavu, aliache hapo siku tatu nne ili ndege wazoee, kisha aweke simu yenyewe na kupiga kwa kitufe cha Bluetooth akiwa ndani. Njia nyingine ni kuweka kamera ya simu kwenye jicho la darubini ya macho mawili iliyofungwa imara. Ukipata mduara mweusi pembeni, sogeza simu milimita chache, ukibaki, kata.

Chakula kiwe vikombe viwili vya ulezi au uwele asubuhi, kiishe kufikia saa 4. Wali, ugali na vipande vya nyama huleta kunguru, na kunguru wakishika ua hakuna kipanga atakayetulia dakika moja. Mbegu zinazolala chini huleta panya. Panya huleta sumu ya panya. Na panya aliyelewa sumu ndiye rahisi kukamatwa, kwa hiyo sumu huishia kwa mwewe na bundi. Kibao kioshwe kila wiki kwa jiki, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, kisuuzwe na kukauka juani. Si usafi wa kujionyesha. Njiwa na tetere hubeba kijidudu kiitwacho Trichomonas gallinae, hukiachia kwenye maji na mbegu zilizolowa, na kipanga akimla tetere mgonjwa huota madonda mdomoni na kooni mpaka ashindwe kumeza. Beseni la maji, kina cha sentimita 3 hadi 5, limwagwe kila siku. Jiji lililougua dengi mwaka 2014 na 2019 halihitaji kufugiwa mbu wengine.

Kibao kiwe ama chini ya mita 1 kutoka kwenye kioo au zaidi ya mita 10. Katikati ya hapo ndipo tetere anayekimbia hupata mwendo wa kutosha kujivunja shingo kwenye dirisha, na mara nyingine mwindaji humfuata palepale. Na kichaka cha kujifichia kiwepo hatua nne tano kutoka kwenye kibao. Ua usio na kichaka hukimbiwa na ndege wadogo, na wao wakiondoka kipanga hana la kufuata.

Msimu wa masika ukifika, lenzi isilale kwenye begi la kitambaa. Kuvu huota ndani ya vioo kama utando wa buibui na fundi hutoza pesa nyingi kuuondoa. Boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira na pakiti za silika, chembe za kunyonya unyevu, linatosha; pakiti zikishiba unyevu, zikaushe kwa joto dogo na kuzirudisha.

La mwisho ni lako, Mhariri, na dawati lako la picha. Picha ya kipanga ikikufikia, uliza imepigwa wapi na ndege alifuata nini. Tazama mkia: ncha zilizokatika zote kwa usawa mmoja ni dalili ya ndege aliyekaa kizimbani, na kumkamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Tazama ngozi ya juu ya mdomo kama imechubuka kwa kujigonga kwenye waya. Akionekana kifaranga, mtazame yeye kabla ya kutazama kucha za kipanga. Kamba ya katani itaonekana hata kwenye picha mbovu. Mshipi wa nailoni hauonekani, lakini kifaranga huru akitishwa hulala chini au hukimbia miguu yote miwili ikiwa chini yake. Aliyefungwa huwa na mguu mmoja umenyooka nyuma, peke yake.

Mpiga picha za ndege,
Mbezi Beach, Dar es Salaam